Kuta Zilizokuwa Zikisubiri Bati

Niliwahi kumuua mtoto wa jirani yangu kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumaliza hadithi. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, daftari mapajani, wino wa kalamu unakaribia kuisha, na mke wangu alikuwa ameshaniita mara mbili nikale. Nikamfukia kijana wa watu kwenye shimo la dhahabu, nikaweka nukta, nikaenda kula maharage. Yalikuwa matamu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue yuko na mtu wa namna gani.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika, huyu yuko Mwanza, yule Kahama, mwingine hata mamake hajui aliko. Mimi nimewahi kulala Biharamulo mara mbili, na mara zote mbili nilirudi Kibimba kesho yake asubuhi kwa sababu godoro la watu halikunielewa. Hapa kilimani wanasema siku walipozika kitovu changu kwenye migomba walikosea kidogo, wakanizika na miguu. Mke wangu, akitoka kwenda sokoni na wenzake wakimkumbusha kufunga mlango, huwajibu kwamba hana haja ya kufuli, anaye mume.

Huwa naulizwa mawazo ya hadithi nayatoa wapi. Wanaouliza si wengi: mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mke wa mchungaji, na mke wangu, ambaye huuliza kwa sauti tofauti kidogo. Zamani nilikuwa najibu kwa maringo kwamba hadithi hunijia zenyewe, nikiangalia juu kama mtu anayengoja kitu kidondoke. Ukweli ni kwamba kati ya shamba langu la migomba na uwanja wa jirani yangu kuna uzio wa minyaa, na kwenye uzio huo palikuwa na mche mmoja uliokauka ukaacha upenyo wa upana wa kichwa. Kila msimu nilisema nitauziba baada ya mavuno. Mavuno yalipita, upenyo ukabaki, na kigoda changu kikawa kinahama kidogo kidogo kuelekea pale, kama chenyewe ndicho kilichokuwa na umbea.

Kwenye upenyo ule nilimwona kijana aliyekuja kumposea kaka yake akisimama kwanza nyuma ya choo, akimsomea kuku hotuba nzima ya posa. Nikaandika hadithi. Niliona mbuzi akila barua iliyoanikwa baada ya kulowa mvua, na mwenye barua akimfuata mbuzi kwa upole, akimbembeleza. Nikaandika hadithi. Hadithi fupi inamfaa mtu kama mimi. Unaondoka asubuhi, jioni umerudi, unalala kwako. Niliwahi kujaribu ndefu, nikafika ukurasa wa thelathini nikaanza kupakumbuka nyumbani.

Lakini kilichokuwa mbele ya upenyo miaka yote ile, hata pale ambapo hakukuwa na posa wala mbuzi, zilikuwa kuta nne zisizo na paa.

Jirani yangu ni mama wa rika la mama yangu. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi akiwa amefungwa mgongoni, wakapewa shamba hapa, wakazeeka na kuzikwa hapa. Mumewe alifariki mapema. Binti yake aliolewa upande wa Nyabusozi. Alibaki na mtoto wake wa kiume, kijana mrefu, mcheshi, ambaye mwaka alioondoka alichimba udongo wa kichuguu, akafyatua tofali, akajenga kuta kando ya nyumba ya mama yake mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha. Kuni za kuchomea tofali hazikutosha, kwa hiyo alijenga na tofali mbichi. Akasema paa likiwahi, hazitahitaji moto. Kisha akaenda machimboni kwenye dhahabu kutafuta pesa ya bati.

Alipiga simu mara chache. Mara ya mwisho alipiga akiwa Nyantakara, kwa simu ya kuazima, na mama yake alikuwa amekuja kwangu kuipokea kwa sababu yake haikuwa na chaji. Kwa hiyo niliyasikia maneno yenyewe. Alisema, "Mama, mvua inakaribia. Funika kuta, nakuja na bati." Simu ikakatika. Hiyo ni miaka tisa iliyopita, na ile namba iliyoazimwa ilishahamia kwa mtu mwingine, mwanamke mmoja mkali anayeuza samaki.

Mama yule aliagizwa kufunika kuta, naye akazifunika. Kila mwaka kiangazi kikielekea mwisho, alikata nyasi bondeni, akakusanya majani makavu ya migomba, akaja kwangu kuazima ngazi. Alipanda mwenyewe. Alilaza nyasi juu ya ukuta kama mtu anayemvisha mtoto kofia, akaweka majani ya migomba juu yake, akafunga kwa kamba za migomba, akakandamiza kwa mawe. Kuta nne, siku nne au tano. Mvua zikianza alizunguka kila asubuhi kutazama upepo umefunua wapi. Palipofunuka alifunika. Mpapai uliota katikati ya kuta, na kila ulipofika magotini aliung'oa. Nilimsikia siku moja akiuambia, "Sebuleni haoti mtu."

Mimi nilikuwa mwenye ngazi. Nilimpa kwa moyo mweupe kabisa, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia magoti yangu siku hizi hayapendi kupanda. Akaitikia marahaba, akajitwika ngazi. Nami nikarudi kwenye upenyo kumwangalia.

Mtu akiangalia kitu kimoja miaka minane, anaanza kudhani ni chake. Mwaka jana mwezi wa Agosti nilifungua daftari jipya nikaanza kumwandika. Sikuweka jina, wala la kijiji. Niliandika mama mmoja wa kilimani, kijana mrefu, kuta, nyasi, mawe, ngazi ya jirani. Mpaka leo nasema kurasa tatu za kwanza ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nasema hivyo nikiwa najua hilo halinisaidii kitu.

Shida ilikuwa mwisho. Nilimrudisha kijana na bati kwenye lori. Nikamsomea mke wangu wakati akichambua maharage. Akasema inafanana na tangazo la duka la vifaa vya ujenzi. Nikafuta. Nikaandika kwamba mvua zikaja, mama akafunika, zikapita, akangoja. Nikamsomea. Akasema, "Halafu?" Nikamwambia hakuna halafu, ndivyo ilivyo. Akasema kama ndivyo ilivyo, atatoka nje kuangalia, hana haja ya kusomewa.

Basi ndipo nikamuua. Nilitaka pia kifo kisikike kama kifo, na mimi, kwa kukaa kwangu ndani, vifo vingi nimevisikia kwenye redio. Nikamalizia hadithi kwa tangazo. Niliandika kwamba mama wa kilimani, mwenye kuta zisizo na paa, anaarifiwa kwamba mwanawe aliyekwenda machimboni amefukiwa na shimo, na habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Aya ya mwisho ilikuwa mstari mmoja: mwaka ule mama hakufunika, mvua ikazila kuta mpaka chini. Niliusoma mwisho huo peke yangu mara sita. Nilijiona fundi.

Kuna kituo kidogo cha redio kinachosikika hapa kwetu, ambacho jioni za Jumamosi husoma matangazo ya vifo, kisha hadithi za wasikilizaji. Nilizipiga picha kurasa zangu kwa simu ya mke wangu, nikazituma. Wiki tatu kimya. Jumamosi ya nne, mwishoni mwa Septemba, wakati watu wameanza kupanda na mawingu yameshajipanga, nikasikia sentensi yangu ya kwanza ikitoka redioni kwa sauti ya mtu mwingine. Niliongeza sauti. Nikamwita mke wangu. Sikumbuki kama nilipumua.

Msomaji alikuwa hodari. Alipofika kwenye tangazo, aliacha sauti ya hadithi akachukua ile sauti nyingine, ile ile aliyoitumia nusu saa kabla kwa marehemu wa kweli, nzito, ya polepole. Mtambo nao ukaweka muziki wa maombolezo chini yake. Mke wangu alinigeukia na kuniambia, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, kwamba hiyo ilikuwa nzuri.

Sasa, kwetu redio huongea peke yake. Inawekwa dirishani, watu wanaendelea na kazi zao, na hakuna anayefuata linalosemwa mpaka isikike sauti ya tangazo la kifo. Hapo ndipo mtu huacha sufuria akakimbilia redio. Kwa hiyo kilima kizima hakikusikia kurasa zangu tatu. Walisikia kwamba mama wa kilimani, mwenye kuta zisizo na paa, amefiwa na mwanawe machimboni. Hapa mama wa namna hiyo ni mmoja.

Kilio cha kwanza kilitokea nyumba ya juu. Nikamwambia mke wangu, Mungu anisamehe, kwamba imemgusa mtu.

Kilio cha pili kilitoka upande wa pili wa minyaa, na hicho nilikijua.

Mke wangu alinitazama. Akaniambia niende sasa hivi nikaseme. Nikasema naenda. Nikavaa viatu. Nilipofika kwenye kijia, wanawake walikuwa wameshaanza kupita na kuni kichwani, wengine na maharage, wengine na mikeka, na mmoja wao akanishika mkono akaniambia pole, maana wewe ndiye jirani wa karibu. Nikasema asante. Baada ya kusema asante, sikujua tena pa kuanzia.

Msiba ukiingia kilimani, majembe yanalala. Watu wanakaa msibani, na mpaka msiba uondolewe, tena kwa pombe ya ndizi na kwa utaratibu wake, hakuna anayelima, hakuna anayekata nyasi, hakuna anayepanda juu ya paa wala ukuta. Hata marehemu akiwa amefia mbali. Ni heshima. Watu waliacha mbegu zao kwenye vikapu, udongo ukiwa umelainika vizuri, wakaja kukaa kwa ajili ya kijana niliyemfukia mimi kwenye kigoda.

Nilikaa nao. Nilikula maharage ya msibani. Kila mara nilipofungua mdomo, mtu alianza kumsifia marehemu, jinsi alivyokuwa mrefu, jinsi alivyocheka, nami nikafunga. Jumapili nzima ilipita hivyo. Mama alikuwa ndani, amefungwa kitenge kiunoni na wanawake wenzake, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Mke wangu, aliyekuwa jikoni na wenzake, kila alipopita na sufuria alinitazama mara moja tu.

Jumatatu mchana wingu likaja kutoka upande wa Burundi, jeusi, la chini. Nilikuwa nimekaa uso kwa uso na kuta. Mwaka huo mama alikuwa ameshafunika ukuta mmoja tu na nusu ya wa pili, ngazi yangu ikiwa bado imeegemea pale alipoishia Jumamosi mchana. Nyasi zilizobaki zilikuwa zimefungwa mafungu, tayari. Nikamwambia mzee aliyekuwa akiongoza msiba kwamba labda tungefunika kuta, mvua inakuja. Alinishangaa. Akaniuliza nazifunika kwa ajili ya nani. Kisha akaniambia, kwa upole wa mtu anayemfundisha aliyesoma sana, kwamba siku za msiba hakuna anayepanda ukuta.

Mvua ilinyesha mpaka jioni. Sote tulikuwa chini ya turubai, nami nilikuwa na nafasi nzuri ya kuona, kama kawaida yangu. Tofali mbichi haianguki kwa kishindo. Kwanza inang'aa. Kisha pembe zinalegea kama sabuni iliyosahauliwa majini. Ukuta wa upande wa bonde ulikaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta mkeka kwa mkono. Mtu mmoja alivua kofia.

Nilikuwa nimeandika mstari ule wa mwisho kwenye kigoda changu na kuusoma mara sita kwa raha. Sikuwahi kufikiri kwamba ukitazamwa ukitokea ungekuwa mrefu kiasi hicho.

Jumanne asubuhi yule mzee alinivuta kando. Wazee walikuwa wameshauriana. Mwili haupo, na hakuna anayejua shimo ni lipi, kwa hiyo watafanya kama walivyofanya wa zamani: watazika mgomba badala yake, ili kijana apate mahali. Watamzika ndani ya kuta zake. Na kwa sababu shamba langu ndilo la karibu, wangeomba mgomba kwangu. Akaniambia nichague mwenyewe, urefu wake naukumbuka.

Niliingia shambani na panga. Nilisimama mbele ya mgomba wa kwanza, ulikuwa mfupi. Wa pili ulikuwa mnene mno. Nilipofika wa tatu nilijikuta nimenyanyua mkono kuupima, pale ambapo kichwa chake kilifika siku alipokuja kuniaga, na nikagundua kwamba nilikuwa natafuta kwa uangalifu, nataka ufanane. Nikaliweka panga chini. Nilirudi kwenye turubai mikono mitupu, nikasema.

Sikusema vizuri. Mimi ninayejisifu kwa maneno nilibabaika kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya kuibia mtihani. Nikasema lile halikuwa tangazo, ilikuwa hadithi, na hadithi ni yangu.

Mzee aliyeongoza msiba akauliza, "Nani alikuambia amekufa?"

"Hakuna, mzee."

"Redio iliambiwa na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe?"

Nikasema nilibuni. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akauliza sasa hicho kitu nilikitoa wapi, kwa maana haiwezekani mtu akakaa tu kifo kikamjia, lazima kuna mahali nilikisikia, ndoto, msafiri, kitu. Ni swali lile lile la mke wa mchungaji, nami nilikuwa nimelijibu mara nyingi nikiangalia juu. Safari hii niliangalia chini. Nikasema nilikitoa kwenye upenyo wa uzio, na kilichobaki nilikiongeza kwa sababu nilikuwa nataka kumaliza.

Kijana mmoja anayefyatua tofali kule bondeni akasema kutoka nyuma, "Kama ni kubuni, si ungebuni bati?"

Wawili watatu walicheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka kwa bahati mbaya. Wengine waliinuka wakaanza kutafuta viatu vyao. Siku tatu za kupanda zilikuwa zimepotea, mvua ya kwanza imepita juu ya mashamba yasiyo na mbegu, na kila mmoja alikuwa na mke au mama wa kumweleza kwamba hakufa mtu.

Mama alikuwa ametoka mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Aliniuliza maswali mawili tu, kwa ile sauti iliyobaki.

"Ulimwona?"

"Sikumwona, mama."

"Kuna aliyemwona?"

"Hakuna."

Akafungua kitenge kiunoni, akakikunja, akampa mwanamke aliyekuwa karibu. Yule mzee akamwambia asubiri, msiba ukishawekwa huondolewa kwa utaratibu, hata kama umewekwa kwa makosa. Mama alipita katikati yetu, akachukua fungu la nyasi, lililokuwa limelowa na kuwa zito, akaligonga kwenye goti lake ili maji yatoke. Kisha akapanda ngazi yangu. Ukuta wa bonde ulikuwa umekwenda wote, na wa pili nusu yake. Akaanza na uliobaki.

Niliwahi kudhani yaliyo baada ya mwisho wa hadithi hayamhusu mwandishi. Nikafundishwa na mvua za mwaka ule, ambazo zilikuwa nyingi. Nilizunguka kuta zilizobaki kila asubuhi na kupanda ngazi kwa magoti yale yale yasiyopenda kupanda. Mama aliniona, hakunikataza, hakunisalimu. Nilimwamkia shikamoo kwa miezi. Aliitikia marahaba kwa sababu ni salamu, hawezi kuiacha hewani, lakini aliitikia akiangalia pembeni.

Watu nao walinifanyia vyao. Nikikaribia mahali wanaongea, wanahamia kwenye habari za mihogo. Jirani wa nyumba ya juu, ambaye ng'ombe wake aliugua mwezi wa Desemba, alituma ujumbe kwa mke wangu kwamba ng'ombe anaendelea vizuri na nisimfikirie. Hata sasa nikipita kuna mzee mmoja huinua fimbo na kuniambia yeye bado mzima, nisisahau. Nacheka naye. Usiku wake siandiki.

Mwezi wa pili wa mvua niliona upenyo wa uzio una kijiti kibichi cha mnyaa kilichochomekwa kutokea upande wa pili. Mama alikichomeka mwenyewe. Kikashika, kwa sababu mnyaa ni mti usio na maringo, na kufikia Juni palikuwa pamefungwa kabisa. Kigoda nilikirudisha jikoni.

Mvua zilipokwisha nilichimba udongo kwenye kichuguu kile kile. Sijawahi kufyatua tofali maishani. Za kwanza zilipasuka zikikauka, nyingine zilitoka na matumbo. Kijana wa bondeni alikuja kunitazama akaondoka bila kunitania, na hilo lilinivunja nguvu kuliko kama angenitania. Mke wangu aliwaambia wenzake kwamba sasa imebidi anunue kufuli. Siku ya nne mama alikuja, akaisukuma tofali yangu moja kwa kidole cha mguu ikavunjika, akaniambia udongo nauharakisha, niuchanganye na nyasi zilizokatwakatwa, niulaze usiku mmoja ndipo niukanyage tena. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote ya mwaka. Niliulaza.

Tangu hapo tukawa tunafanya kazi pamoja, ikiwa kunyamaza pamoja ni kufanya kazi pamoja. Nilikanyaga udongo, nikafyatua, nikaanika. Zilizokauka alizipanga yeye, kwa sababu mstari wangu ulipinda. Ukuta wa bonde umefika kifuani. Hautafika lenta kabla ya mvua nyingine, sote tunaona, na hakuna kati yetu anayelisema. Namba ile ya Nyantakara niliipiga tena mwezi uliopita. Alipokea yule muuza samaki. Aliniuliza kama mimi ni yule wa kila mwaka.

Juzi tulikuwa tumepumzika kivulini mwa ukuta wenyewe, kivuli chake kikiwa bado kifupi, inabidi ukunje miguu. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga muda mrefu. Nikamwambia ninachotaka kusema si radhi tu ambayo nimeshamwomba, ni kwamba ningependa ajue sikuandika vile kwa sababu najua kitu au naamini kitu. Nikamweleza habari za hadithi fupi, kwamba inahitaji mwisho, kwamba kila niliojaribu ulikataa, kwamba msomaji huuliza halafu, na kifo ndicho pekee ambacho baada yake hakuna anayeuliza. Nilieleza vizuri safari hii. Nilijisikia nikieleza vizuri.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akikwangua udongo uliokauka kati ya vidole vyake. Akaniuliza hiyo hadithi yenyewe ilikuwa na urefu gani. Nikamwambia kurasa nne. Akaegemea mkono mmoja, akainuka kwa shida, akachukua mwiko wake.

"Mimi huu ni mwaka wa kumi namsubiri," akasema, "na wewe kurasa nne tu zimekushinda. Sogeza udongo."